"Success" na ndugu zake

Jaribu kutafsiri sentensi hii ya Kiingereza: "Charles III succeeded his mother in 2022." Anayejua kwamba "succeed" ni kufanikiwa atakwama papo hapo, maana mtu hamfanikiwi mama yake. Habari yenyewe ni kwamba Charles alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza Septemba 8, 2022, siku aliyofariki Elizabeth II.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "succedere", kufuata au kuja baada ya. Katika karne ya 16 "success" lilikuwa tokeo la jambo, jema au baya. Ndiyo sababu Biblia ya King James ya mwaka 1611, katika Yoshua 1:8, inaahidi "good success". Leo hiyo "good" inaonekana kama nyongeza ya bure. Enzi zile ilikuwa na kazi. Baadaye maana ya heri ikalitawala neno "success", lakini ndugu zake kadhaa wamebaki na ile ya kufuata: "successor" ni anayeshika nafasi baada ya mwingine, na "successive" ni mfululizo. Hili la mwisho ndilo linaloponza wasomaji wa ripoti. Kampuni iliyopata hasara kwa "three successive years" haikufanikiwa hata kidogo. Imepata hasara miaka mitatu mfululizo.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi ni "she succeeded to pass the exam". Linatoka kwetu wenyewe: tunasema "alifanikiwa kufaulu", basi ile "ku-" tunaigeuza "to". Kiingereza kinataka "succeeded in passing". "Succeed to" ipo, ila ni ya kurithi cheo au mali, kama katika "succeeded to the throne". Na asiandike mtu "I success". Hiyo ni nomino, haifanyi kazi ya kitenzi.

Nomino hiyo kwa kawaida haihesabiki, kwa hiyo mafanikio yetu, yakitajwa kwa jumla, hubaki "success" bila "a" wala "-es". Ikitajwa shughuli moja iliyofana, "a" hurudi: "the concert was a success".

Kwenye barua za ajira, "successful candidate" ni aliyechaguliwa, basi. Ukijibiwa kuwa ombi lako ni "unsuccessful", maana yake halikukubaliwa. Hawajasema lolote kuhusu maisha yako.

Tahajia ina c mbili katikati na s mbili mwishoni. Inayodondoshwa sana ni c moja. Katika matamshi, Kiswahili hutuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo wengi husema SAK-ses. Mkazo uwekwe mwishoni: sak-SES.