Chai ya Boston haikutoka India

Watu wengi wanaamini chai ambayo Wamarekani waliimwaga bandarini Boston, kwao, usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 ilitoka India, na naelewa kwa nini, maana kampuni ya Waingereza yenye mzigo iliitwa East India Company so mtu anaunganisha tu. Lakini mashamba ya chai ya Assam, huko India, yalikuja kuanza miaka ya 1830. Ile ilikuwa chai ya China, nyingi nyeusi kutoka milima ya Wuyi, imepakiwa Canton, Guangzhou ya leo, ikapitia London kwanza ndo ikavuka Atlantiki, makasha 340 na ushee, yakapasuliwa kwa mashoka.

Yani Wamarekani walishazoea chai ya Mchina kabla meli yao yoyote haijafika kwake. Ya kwanza, Empress of China, iliondoka New York Februari 1784, na hapa ndo panapendeza, ilibeba tani kama 30 za jinsengi, mizizi iliyogawanyika kama miguu ya mtu, imechimbwa misituni Marekani kwenyewe, kwa sababu Wachina waliithamini mno kama dawa. Mei 1785 ikarudi na chai na vyombo vya kaure.