Kwa nini viwanda vya bayoteknolojia hukwama baada ya utepe kukatwa

Kazi yangu ni uchachushaji, yaani kukuza vijidudu ili vitutengenezee bidhaa, na swali ninaloulizwa zaidi na maofisa wa nchi zinazoinukia kiuchumi ni hili: tuanze kwa kununua mashine gani? Wengi huwa wameshachagua mashine ya kusoma vinasaba. Jibu langu huwavunja moyo: anzeni na watu wanaojua kulea vijidudu ndani ya tangi kubwa.

Bakteria wa E. koli, anayetumiwa sana kutengeneza protini za dawa, akipata chakula cha kutosha na joto kama la mwili wa binadamu, hugawanyika takriban kila dakika 20. Katika chupa ya maabara hasumbui. Unaitikisa, hewa inaingia, anakua. Mhamishie kwenye tangi la lita 1,000 uone. Bakteria hutoa joto kadiri wanavyokula, na tangi linapokuwa kubwa, ujazo wake huongezeka haraka kuliko eneo la kuta zake, kwa hiyo joto hukosa pa kutokea. Oksijeni nayo huyeyuka kidogo sana majini. Ikipungua, bakteria huanza kutoa asidi, na asidi hiyo huwadumaza wao wenyewe. Ukivuka hapo unakutana na usafishaji, yaani kuitenga protini moja unayoitaka na maelfu usiyoyataka, na mara nyingi huko ndiko sehemu kubwa ya gharama huishia.

Mambo haya hujifunzwa kwa mikono. Niliwahi kumwaga tangi zima kwa sababu vali moja ilifungwa vibaya ikaingiza bakteria mgeni. Aliyegundua kosa hakuwa mmoja wetu wenye shahada. Alikuwa fundi aliyeijua mitambo ile kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo, nikipewa bajeti ya kugawa, mafundi ndio wa kwanza.

Mjasiriamali wa India, Kiran Mazumdar-Shaw, alisomea utengenezaji wa bia nchini Australia kabla ya kuanzisha kampuni ya bayoteknolojia ya Biocon mjini Bangalore mwaka 1978. Kampuni ilianza na vimeng'enya vya viwandani, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, kikiwemo papaini kinachotokana na papai. Insulini yake ya binadamu iliingia sokoni mwaka 2004. Miaka 26! Lakini katika miaka hiyo vimeng'enya vililipa mishahara huku watu wakijifunza kuchachusha, kusafisha na kupima. Kuba ilipita njia nyingine. Mwaka 1981 wanasayansi wake wachache walikwenda Helsinki, Ufini, kwa mwanasayansi Kari Cantell kujifunza kutengeneza interferoni, protini ya kinga inayopambana na virusi, kutokana na chembe nyeupe za damu, wakarudi wakaizalisha nyumbani. Kituo kikubwa cha Havana cha uhandisi wa jeni kilifunguliwa mwaka 1986, kikawakuta watu wanaojua cha kufanya ndani yake.

Sheria za forodha nitazigusa tu: kimeng'enya kinachopaswa kukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hakiwezi kusubiri mhuri bandarini kwa wiki mbili.

Mdhibiti wa dawa anahitaji maneno zaidi. Kidonge cha kawaida kina molekuli ndogo. Ukiipima vizuri, unajua ulichonacho. Protini na chanjo ni tata mno kuthibitishwa kwa kupima bidhaa ya mwisho peke yake, hivyo mkaguzi lazima aelewe mchakato mzima, kuanzia mbegu ya seli hadi chupa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kabla ya kuiidhinisha chanjo ili inunuliwe na mashirika ya Umoja wa Mataifa, huangalia pia mamlaka ya dawa ya nchi inakotengenezwa. Mamlaka hizo hupimwa kwa ngazi nne, na inayosimamia kiwanda cha chanjo inatakiwa iwe imefika ya tatu. Nchi inayojenga kiwanda huku mamlaka yake ikiwa na wakaguzi wawili waliochoka inajifungia mlango wa soko kwa mkono wake yenyewe.

Na soko lenyewe? Mwaka 2022 kiwanda cha kampuni ya dawa ya Aspen huko Gqeberha, Afrika Kusini, kilikuwa na mitambo, mafundi na leseni ya kutengeneza na kuuza chanjo ya UVIKO-19 kwa jina lake. Hakikupata oda hata moja. Bara lililokuwa likililia chanjo mwaka mmoja kabla halikuwa na mkataba wa kununua za kwake. Habari ile iliniuma kuliko tangi lolote nililowahi kumwaga.

Linganisha na MenAfriVac, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya kundi A. Nchi za Afrika zilisema mapema ni bei gani zingeweza kumudu, chini ya senti 50 za dola kwa dozi, na wahandisi wakaanza kazi wakiwa na kikomo hicho mezani. Taasisi ya Serum ya India ikapewa teknolojia na kuitengeneza. Desemba 2010, chanjo ilipozinduliwa Burkina Faso, waliokuwa wakiihitaji walikuwa wanajulikana tangu kabla dozi ya kwanza haijatengenezwa.