Nyumba ya zamani Dodoma: anza na ethi, soketi baadaye

Mwenye nyumba ya zamani Area C, Kikuyu au Chang'ombe akitaka kuboresha umeme, mara nyingi huanza na vinavyoonekana: soketi mpya, swichi nzuri, taa za LED. Mimi ninamwomba aanze nje, pale fimbo ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ilipozama, na aipime mwezi wa Oktoba, siyo Februari.

Sababu ni udongo wetu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ardhi hukauka kwenda chini. Ethi hufanya kazi kwa sababu udongo unaoikumbatia fimbo una unyevu unaopitisha umeme. Udongo ukikauka na kuachana na fimbo, ukinzani hupanda. Ndiyo maana kipimo kizuri cha masika hakikuambii lolote kuhusu kiangazi.

Piga hesabu. Friji imechubuka waya wa moto ndani, waya umegusa bodi, yaani ganda la chuma la friji. Ethi ina ukinzani wa omu 100. Volti 230 gawanya kwa 100 unapata ampea 2.3. Fyuzi ya ampea 30 au breka ya 32 haitambui kama kuna tatizo; hiyo ni ndogo kuliko inayovutwa na birika la umeme. Umeme utaendelea kuvuja ardhini, na bodi ya friji itabaki na karibu volti 230 ikimsubiri mtoto anayepita peku. Dalili mojawapo iko kwenye LUKU: uvujaji wa namna hiyo hula zaidi ya uniti 12 kwa siku. Uniti zikikuishia bila sababu, usikimbilie kulaumu mita. Mwite fundi apime uvujaji.

Kwa hiyo katika ardhi kama yetu breka peke yake haitoshi. Kinachookoa maisha ni kifaa kilichoandikwa RCCB, cha miliampea 30. Hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 hukata, na ikiwa kubwa hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hata ethi ya omu 100 inakitosha, maana ampea 2.3 ni mara 70 na zaidi ya kinachohitajika. Ethi nayo ninapenda isizidi omu 200 wakati wa ukame mkali. Zaidi ya hapo huwezi kuiamini mwaka hadi mwaka. Elewa tu kwamba RCCB haizuii waya kuzidiwa mzigo. Breka zinabaki palepale.

Kwenye RCCB kuna kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Kisipokata, badilisha kifaa. Lakini kitufe hicho hakipimi ethi. Hutengeneza tofauti bandia ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo kitakata vizuri hata kama fimbo ya nje imeshaliwa na kutu.

Ethi usiipime kwa balbu pia. Najua ndivyo wengi wanavyofanya: balbu ya wati 60 kati ya waya wa moto na ethi, ikiwaka wanasema ipo. Balbu hiyo ina ukinzani wa omu 880 hivi. Ukiiongezea omu 100 za ethi ile isiyoweza kuikatisha breka, bado inabakiwa na volti 207 na inawaka kama kawaida. Dai kipimo cha mashine ya ethi, na namba iandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe.

Tatizo la pili la huku kwetu ni mwamba. Fimbo inagonga jiwe kwenye sentimita 50, inakatwa, kichwa kinafukiwa, kazi imeisha. Ukiona kichwa cha fimbo kimekatwa kwa msumeno, uliza. Suluhisho ni kuhamisha sehemu, kupiga fimbo kwa mshazari, au kuchimba mtaro wa sentimita 60 au zaidi na kulaza mita 10 za waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 25. Fimbo mbili zikitumika, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja. Zikikaribiana zinagombania udongo uleule. Karibu na maji ya bafuni yanakomwagwa ni mahali pazuri. Chumvi inayomwagwa kwenye fimbo hushusha kipimo kwa muda, kisha mvua huisomba na fimbo hubaki na kutu.

Nyumba nyingine za zamani ziliegemeza ethi kwenye bomba la maji la chuma. Bomba likibadilishwa kuwa la plastiki, ethi imekatika kimya kimya, na hitilafu yoyote inapeleka umeme kwenye koki za ndani.

Baada ya kufunga RCCB, usishangae ikikata kila dakika. Katika nyumba za zamani mara nyingi mtu aliunganisha nyutro na ethi ndani ya soketi iliyokosa waya wa ethi. Dawa ni kutafuta soketi hiyo, siyo kung'oa RCCB. Muungano huo ni wa hatari: nyutro ikikatika huko nyuma, bodi zote za vyombo hupata umeme.

Nyaya zenyewe, kwa milimita za mraba: taa 1.5, soketi 2.5. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, nayo ninaipa waya wake wa 6 moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya breka, na breka ya ampea 32. Kuichomeka kwenye waya wa 2.5 wa soketi ndiko kunakounguza maungio ya darini, hasa chini ya bati la Dodoma ambako joto la mchana tayari limeshapunguza uwezo wa waya. Maungio yaliyosokotwa na kufungwa tepu yafunguliwe yote, yawekwe kwenye boksi na konekta za skrubu. Kumbuka rangi: zamani nyekundu ilikuwa ya moto na nyeusi nyutro, sasa ya moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Waya wenye ganda la mpira unaovunjika ukiukunja, ung'oe wote.

Chagua fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mita na lakiri yake aachiwe TANESCO. Kabla hajaondoka, apime kama ganda la nyaya linavujisha, kwa mashine ya volti 500, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa: chini ya megaomu 1, hapo kuna waya wa kutafutwa.