Ruzuku ileile, shule tofauti

Nimechoka kusikia kwamba shule zote za msingi za serikali hapa Tanzania zinapata sawa kwa sababu ruzuku ni moja, na kwamba inayokwama ina mwalimu mkuu mzembe. Hebu tupige hesabu.

Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Shilingi 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, 6,000 hushuka kwenye akaunti ya shule. Shule ya pembezoni mwa jiji la Arusha yenye watoto 2,000 inapata milioni 12. Ya migombani kule juu Kibosho, Kilimanjaro, yenye watoto 180, inapata 1,080,000, yaani 90,000 kwa mwezi. Watoto wachache hutumia karatasi chache, sawa. Lakini wino wa mashine, umeme wa LUKU, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri na bati lililong'olewa na upepo havipungui bei kwa sababu watoto ni wachache.

Ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili, ndiyo inayoniudhi zaidi. Mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, kwa hiyo 180 ni walimu 4, na kwenye makaratasi shule imetimia! Madarasa ni 7, na darasa la awali bado. Darasa la saba haliachwi kwa kuwa lina mtihani wa taifa, hivyo wadogo ndio wanaunganishwa. Ubao unapigwa mstari wa chaki katikati: kushoto la tatu, kulia la nne. Mwalimu akifundisha kuzidisha upande huu, upande wa pili wananakili tu. Mmoja akienda likizo ya uzazi, wamebaki 3. Kwenye ile ya watoto 2,000, yenye walimu 44, pengo hilo linazibwa asubuhi hiyohiyo.

Shule kubwa nayo isionewe wivu. Watoto 2,000 kwenye vyumba 16 ni 125 kila chumba. Wasichana 1,000, kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa 20, wanahitaji matundu 50. Ruzuku haijengi hayo.

Ningeanza na kiasi cha msingi kwa kila shule, ndipo idadi ya vichwa ifuate, na ikama ya shule ndogo ihesabiwe kwa idadi ya vipindi vya kufundisha. Hapo nina shaka moja: tunaweza kulipia shule ya watoto 60 ambayo ingefaa kuunganishwa na jirani. Ila huyo jirani mara nyingi yuko ng'ambo ya korongo, na mwezi wa nne, wakati wa masika, mtoto wa miaka sita havuki pale.