Chipu nne ndani ya LED moja: mwanga mwingi, umbali ni habari nyingine

Wateja wanaoniletea tochi siku hizi huanza na swali hilohilo: "Fundi, hii ina lumeni ngapi?" Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Swali zuri, ila peke yake halitoshi, hasa tangu LED za chipu nyingi ziingie kwenye tochi za mkononi. Ukielewa kilichomo ndani ya LED hizo, utajua tochi itakufaa kwa kazi gani hata kabla ya kuitolea hela.

LED nyeupe ya kawaida ni chipu moja inayotoa mwanga wa buluu, juu yake imepakwa tabaka la fosfa ya njano. Buluu nyingine inapita, nyingine inageuka njano, na jicho linapokea mchanganyiko huo kama mwanga mweupe. Chipu moja ina kikomo chake. Ukizidi kuibana kwa ampea, joto linapanda, na kila wati unayoongeza inakupa mwanga kidogo kuliko iliyotangulia. Dawa yake ikawa kupanga chipu nne bega kwa bega ndani ya kifuko kimoja, kila moja ibebe robo ya kazi. Karibu na mwaka 2008 Seoul Semiconductor ya Korea Kusini walitoa P7, na Cree ya Marekani wakatoa MC-E, zote za chipu nne. P7 ilitangazwa kwa lumeni 900 ikipewa ampea 2.8, na kwa wakati ule huo ulikuwa mwanga mwingi sana kwa LED moja ya tochi. Desemba 2014 Cree wakaleta XHP70: kipande cha milimita 7 kwa 7, lumeni hadi 4,022 kwa wati 30 hivi. Ipo pia XHP50, milimita 5 kwa 5, lumeni hadi 2,546 kwa wati 19.

Kilichobadilika kati ya vizazi hivyo viwili ni namna ya kuunga chipu, na hapo ndipo mafundi wengi wanakwama. Kwenye P7 chipu zote nne ziliungwa sambamba, kwa hiyo ilihitaji volti zilezile za LED ya chipu moja, tatu na ushee. XHP70 inaungwa mbili mbili kwa mfululizo ikataka volti 6 hivi, au zote nne kwa mfululizo ikataka volti 12, kutegemea bodi uliyoichomea, yaani kile kibao cha chuma kinachobeba LED. Sasa mtu ananunua XHP70 anaitia kwenye tochi ya zamani ya betri moja, anabonyeza swichi: kimya. LED haijaungua. Betri iliyojaa ina volti 4.2, na zikigawanywa kwa chipu mbili kila moja inapata 2.1, ilhali chipu ya buluu haianzi hata kufifia-fifia hadi ikaribie volti 2.5. Inatakiwa draiva (saketi ndogo inayoilisha LED umeme) ya kupandisha volti, na draiva hiyo lazima ivute ampea nyingi kutoka betrini. Wati 30 kwenye betri ya volti 3.6 ni zaidi ya ampea 8, bado hujahesabu zinazopotea ndani ya draiva yenyewe.

Tuje kwenye umbali, maana ndipo watu wanapovunjika moyo. Mtu amezoea tochi ya lumeni 500 inayopiga mpaka ng'ambo ya bonde, ananunua ya lumeni 4,000, anaimulika, anakuta uwanja wote mbele yake umekuwa mchana lakini ng'ambo ya bonde haoni kitu. Tochi haina ubovu. Umbali unaamuliwa na mambo mawili: ukali wa mwanga katika kila milimita ya mraba ya LED, na ukubwa wa rifleta, yaani kile kikombe king'aavu kinachoizunguka LED, inayoukusanya. Chipu nne zinaongeza eneo linalowaka, lakini ukali wa kila milimita haupandi. Rifleta ileile ikipewa chanzo kipana inatoa mwale mpana. Ndiyo maana tochi za kupiga mbali hutumia LED ndogo sana, kwa mfano White Flat ya Osram yenye eneo la milimita 1 ya mraba tu, na zinazipita mbali tochi zenye lumeni mara kadhaa zaidi.

Kipimo cha kuangalia hapo ni kandela, yaani ukali wa mwale kuelekea mbele. Kwa FL1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi kilichoanza 2009, umbali wa tochi ni pale mwanga wake unaposhuka hadi laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa simu: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, unapata mita. Tochi ya kandela 10,000 inafika mita 200. Ukitaka ifike mita 400 unahitaji kandela 40,000, yaani mara nne. Na hata hizo mita ni za kwenye karatasi. Kumtambua mtu kwa sura, mimi huhesabu nusu yake au chini ya hapo.

Chukua tochi ya XHP70 ikiwa imezimwa, uchungulie ndani ya kioo. Utaona mraba wa njano, na ukiinamisha kidogo unaona mistari myembamba miwili inaukata katikati kwa msalaba. Mistari hiyo ni nafasi kati ya chipu na chipu, mahali pasipotoa mwanga. Kwenye rifleta laini inayong'aa, nafasi hiyo inatokea ukutani kama doa la giza katikati ya mwale, na kwenye tochi za lenzi ya kuvuta unaona msalaba wenyewe. Rifleta iliyotiwa vinundu kama ganda la chungwa inachanganya miale na doa linapotea, kwa gharama ya mita kidogo za umbali. Kwa LED ya chipu nne mimi ningechukua ya vinundu bila kufikiria mara mbili.

Joto ndilo linaloamua utakaa na mwanga huo kwa muda gani. Zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye LED inayosukumwa hivi hugeuka joto, na joto lote linatokea chini ya kipande cha milimita 7. Bodi nzuri ni ya shaba, ambayo kitako cha LED kinagusa chuma moja kwa moja. Bodi za bei rahisi ni za alumini na zina tabaka la kuzuia umeme katikati, ambalo linazuia joto pia. Hata ukiwa na bodi nzuri, tochi ya kuweka mfukoni haiwezi kutoa joto hilo lote hewani, kwa hiyo draiva inashusha mwanga yenyewe baada ya dakika chache. FL1 inapima lumeni kuanzia sekunde ya 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka unahesabiwa hadi mwanga ubaki asilimia 10. Ukisoma "lumeni 4,000, saa 3", usidhani ni lumeni 4,000 kwa saa 3.

Kuhusu maboksi ya tochi yaliyoandikwa majina ya LED kama P99, P160 na "lumeni 100,000", fanya hesabu. LED nzuri ikisukumwa kwa nguvu inatoa lumeni 100 hadi 150 kwa wati. Lumeni 100,000 zinataka wati 670 hivi kwenda juu, na betri moja ya kweli ya 18650, ile ya lithiamu ya duara inayotumika kwenye tochi nyingi, ina wati-saa 12 hivi, yaani ingeisha kwa dakika moja hivi.

Betri yenyewe ikaguliwe kabla ya LED. Iliyoandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri) iache hapohapo dukani, maana 18650 za kawaida zilizo nzuri huishia karibu na 3,500. Tafuta pia ampea zake za kutoa, kwa sababu XHP70 itadai 8 au zaidi. Ukiwa na mizani ndogo, ipime: ya kweli ina gramu 45 hadi 50. Nyingi za bandia ni nyepesi sana, na ukiishika pamoja na ya kweli, moja kila mkono, tofauti unaisikia bila mizani.