Mbona tumbo linameng'enya supu ya utumbo, lakini lenyewe halijimeng'enyi?

Jumamosi asubuhi, kibanda cha supu Buguruni kimejaa mpaka wengine wanakula wamesimama. Machinjio ya Vingunguti hayako mbali, kwa hiyo utumbo hapa hufika ungali mbichi kabisa. Dereva mmoja wa bodaboda akainua kijiko chenye kile kipande cha manyoyamanyoya kama taulo, akakitazama, akauliza: "Mama, hili si tumbo la ng'ombe? Sasa tumbo langu linamlaje mwenzake, halafu lenyewe linabaki?"

Mama akamwambia anywe supu kabla haijapoa. Watu wakacheka, yakaishia hapo. Lakini kaka yule aliuliza swali ambalo lilishawakosesha madaktari usingizi zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno, maana kibandani "utumbo" ni karibu kila kinachotoka ndani ya ng'ombe. Lile taulo, na kile kipande chenye kurasakurasa kama kitabu, ni sehemu za tumbo, yaani mfuko unaopokea chakula. Ng'ombe ana vyumba vinne. Wewe una kimoja tu, ila kina ukali wake.

Tumbo la mtu mzima hutoa takriban lita 2 za majimaji kwa siku. Ndani yake mna asidi ya haidrokloriki, ileile ambayo mafundi huitumia kung'oa saruji iliyoganda kwenye vigae. Tumbo likiwa tupu, asidi hiyo ni kali kuliko ndimu uliyokamulia kwenye bakuli. Kazi yake ni kufumua protini, kama unavyofumua nywele zilizosukwa. Zikishafumuka, kinaingia kimeng'enya kiitwacho pepsini, kilichotambuliwa na Mjerumani Theodor Schwann mwaka 1836, na kuanza kuzikatakata. Kwa upande wa supu, moto ulishafanya nusu ya kazi: kuchemsha kwa saa nyingi hugeuza ule ugumu wa nyama kuwa gelatini. Ndiyo maana supu nzito ikipoa huganda, na ukiinywa midomo inanata.

Sasa, ukuta wa tumbo lako nao ni protini. Unaponaje?

Mwaka 1772 daktari mpasuaji wa London, John Hunter, aliandika juu ya jambo la ajabu aliloliona alipopasua maiti. Wengine, hasa waliokufa ghafla muda mfupi baada ya kula, matumbo yao yalikuwa yametoboka. Hapakuwa na jeraha wala ugonjwa. Tumbo lilikuwa limejimeng'enya baada ya mwenyewe kufa. Hunter akasema basi uhai ndio kinga: kilicho hai hakimeng'enyeki.

Jibu zuri, ila si kamili. Karne iliyofuata Mfaransa Claude Bernard alichukua chura hai, akauingiza mguu wake ndani ya tumbo la mbwa kupitia tundu alilolitengeneza ubavuni. Mguu ukameng'enywa, chura mwenyewe bado anapumua. (Siku hizo hakuna aliyemwombea chura ruhusa.) Kwa hiyo uhai peke yake hautoshi. Lazima tumbo liwe na jambo linalolifanya, ambalo mguu wa chura hauna.

Na mambo yenyewe ni kadhaa. Seli za tumbo hazitengenezi pepsini iliyo tayari. Zinatoa pepsinojeni, ambayo ni kisu kikiwa bado kwenye ala. Ala hiyo huvuliwa na asidi, na asidi iko nje kwenye uwazi wa tumbo, mbali na seli zilizokitengeneza kisu.

Kisha kuna ute. Ukuta wote wa ndani umepakwa ute mzito unaoteleza kama mlenda, unene wake haufiki hata milimita moja. Peke yake usingefua dafu. Nguvu yake ni kwamba seli zilizo chini hupenyeza ndani yake bikaboneti, jamaa wa ile magadi tunayochemshia maharage, na asidi inayojaribu kupenya inazimwa njiani. Juu ya ute ni asidi ya kuchoma, chini yake, unene wa kucha tu, ni maji ya kawaida.

Hata hivyo seli za juu huchakaa. Tumbo halihangaiki kuziokoa: linazibandua na kuota nyingine, kiasi kwamba ndani ya siku chache tu sakafu yote ya juu huwa mpya. Kukitokea mkwaruzo mdogo, seli za jirani husogea na kuuziba ndani ya saa chache. Maiti haitoi ute, wala bikaboneti, wala seli mpya, ila asidi iliyokwisha kumwagwa bado ipo. Hicho ndicho alichokiona Hunter.

Ukitaka kuhisi thamani ya ute huu, subiri kiungulia. Umio, lile bomba linaloshusha chakula kutoka kooni, halina kinga ya namna hiyo. Asidi ikipanda huko kidogo tu, kifua kinawaka moto. Asidi ni ileile iliyokuwa imetulia chini bila wewe kujua ipo.

Kinga hiyo ikizidiwa, ndipo panapokuja vidonda vya tumbo, ambavyo mtaani husingiziwa pilipili na maharage. Pilipili inaweza kumchoma aliyeumia tayari, lakini mkosaji mkubwa ni bakteria *Helicobacter pylori*, anayejitengenezea amonia ya kuzima asidi iliyo jirani yake, kisha anajichimbia ndani ya ute. Madaktari wengi walikataa kuamini kwamba kuna bakteria wa kuishi mahali kama pale. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, akanywa kikombe chenye bakteria hao, na siku chache baadaye tumbo lake likawa limevimba kwa ndani. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mkosaji wa pili anauzwa duka la dawa: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo tumbo pia huzihitaji ili kutoa ute. Mtu mwenye maumivu ya mgongo anayezimeza dawa hizo kila siku, tena tumbo likiwa tupu, anaivua kinga hiyo mwenyewe.

Turudi kwenye supu. Baada ya saa kadhaa (mafuta yakiwa mengi huchelewesha) tumbo huiachia kidogo kidogo iingie utumbo mwembamba. Hapo kongosho huimwagia bikaboneti kuua asidi, nyongo huyatawanya mafuta yawe matone madogo, na vimeng'enya vipya vinamalizia ukataji. Kongosho nalo hutoa visu vyake vikiwa kwenye ala. Vikichomoka kabla ya wakati, linaanza kujila lenyewe, na maumivu yake humlaza mtu hospitali. Chapati ikishakuwa glukosi (sukari) na utumbo ukishakuwa amino asidi, yaani vipande vidogo kabisa vya protini, hufyonzwa na vinyweleo vya ukuta, huingia kwenye damu na kupita ini kwanza. Mafuta hupitia mishipa ya limfu, njia ya pembeni ambayo mwishowe nayo huingia kwenye damu.

Zikishafika kwenye damu, amino asidi hazina tena alama ya ng'ombe, awe alipanda lori Shinyanga au Dodoma. Mwili unazigawa palipo na ujenzi, na palipo na ujenzi usiokoma ni huko huko tumboni na kwenye utumbo. Kwa hiyo lile taulo alilolishangaa dereva wa bodaboda Jumamosi, huenda kufikia Jumatano baadhi yake lilikuwa limeshageuka sakafu mpya ya tumbo lake.