Vibeti hawalani: ukifunga ngome unapima kiu

Dai limerudi tena: katika Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kuongoza ngome ya vibeti, ngome ikizingirwa muda mrefu, vibeti huanza kula maiti za wenzao. Hawali. Fungua faili la mchezo liitwalo entity_default.txt usome maadili yao. Kula kiumbe mwenye akili kumeandikwa UNTHINKABLE (haiwaziki), na ghala tupu haligusi mstari huo. Waelfi, jamii nyingine ya mchezo, ndio walioandikiwa ACCEPTABLE (inakubalika). Ukiuhariri mstari wa vibeti kabla ya kuunda dunia ya mchezo, umepima utamaduni uliotunga mwenyewe, si njaa.

Kibeti mwenye njaa asiyepata chakula huacha kazi na kuanza kuwinda panya na wadudu. Akikosa hata hao, hufa. Ila kama na vinywaji vimekwisha, hafiki huko, kwa sababu kiu huua mapema zaidi. Hapo ndipo majaribio mengi huharibika: mtu anafunga ngome aone kama watalana, anapiga marufuku (amri ya kuwazuia vibeti kugusa kitu) kila kitu kwa pamoja, kisha anatangaza kwamba ngome imekufa njaa. Tangazo la kifo hutaja njaa au kiu. Lisome.

Nakili folda ya sevu (mchezo uliohifadhiwa), nakala moja kwa kila jaribio, na uondoe kitu kimoja tu. Pombe na chakula unaweza kuvipiga marufuku. Maji hayapigwi marufuku: kufuta eneo la kunywea hakutoshi, kibeti atakunywa popote anapofika, hivyo jenga ukuta. Ukimwachia maji bila pombe ataishi, lakini atanung'unika na kasi ya kazi itashuka. Sehemu hii bado inanisumbua, maana ukosefu wa pombe na msongo wa mawazo huja pamoja, na sijapata njia ya kuvitenganisha inayoniridhisha.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni kudhani kwamba pombe tele inatosha. Majeruhi aliyelala hospitalini hapewi pombe. Hupewa maji, kwa ndoo, na mtu mwingine. Kwa hiyo zinahitajika ndoo, chanzo cha maji kinachofikika, na mtu mwenye nafasi aliyeruhusiwa kuhudumia wagonjwa. Kimoja kikikosekana, askari mwenye mguu uliovunjika atakufa kiu huku mapipa ya pombe yamejaa upande wa pili wa ukuta. Kwenye ramani za baridi, mto hugeuka barafu na wagonjwa wote hufa kiu pamoja. Chimba birika chini ya ardhi kabla ya majira ya baridi, maana maji ya huko hayagandi, na uweke kisima juu yake. Usilijaze kwa maji ya dimbwi yaliyotuama: hayohayo yataoshea vidonda, na vidonda vitaingia maambukizi.

Sasa mapipa. Mwaka una miezi 12 ya siku 28, kila msimu siku 84. Kadiria kibeti mmoja kunywa mara 4 na kula mara 2 kwa msimu. Vibeti 20 wanataka vinywaji 80. Mmea mmoja hutoa vinywaji 5, kwa hiyo uyoga 16 wa plump helmet unatosha kwa hesabu, na hustawi misimu yote. Tatizo ni kwamba kila kazi ya kutengeneza pombe hushika pipa moja tupu. Mkulima asiye na ujuzi huvuna mmoja mmoja, na uyoga 16 hivyo hula mapipa 16, kila moja likiwa na vinywaji 5 tu. Fungu la mimea 5 huweka vinywaji 25 katika pipa lilelile. Mtengeneza pombe akisimama huku shamba limejaa, hesabu mapipa kwanza. Vyungu vikubwa vya mawe vinafanya kazi ileile na mawe hayaishi.

Jikoni, zima upishi wa pombe na wa uyoga. Mpishi hutia pombe kwenye chakula bila kujali kiu ya mtu, na mmea uliopikwa hauachi mbegu. Ukiliwa mbichi au ukitengenezwa pombe, huacha.

Goblini na vampaya hawahitaji chakula wala kinywaji, kwa hiyo usiwahesabu kati ya manusura. Na maiti usizisahau: zikioza ndani ya pango hutoa uvundo, na asiyezikwa hurudi kama mzuka. Mwili usipofikika, chonga bamba lenye jina lake kisha ulisimamishe. Bamba lililokaa ghalani halimtulizi.